Kivoi wa Mwendwa: Tajiri wa Kitui Aliyeandikwa na Mgeni Wake

Jina la nchi hii ya Kenya, ukilifuata kinyumenyume kama mtu avutavyo kamba ya ndoo kisimani, litakufikisha mlangoni mwa mtu mmoja wa Kitui. Hakuwa sultani wala liwali, wala hakuacha waraka hata mmoja uliotiwa mhuri wake. Alikuwa Mkamba, mfanyi biashara ya pembe za ndovu, kiongozi wa misafara, na jina lake Kivoi wa Mwendwa. Aliuawa karibu na mto Tana mwezi wa Agosti 1851, na tangu siku hiyo watu wa kila namna wamekuwa wakimvisha kanzu wanazozipenda wao. Huyu amfanya mfalme, huyu amfanya mchuuzi wa watumwa, huyu amfanya shujaa wa taifa, na mwengine amfanya kijakazi wa Wazungu aliyewafungulia njia.

Makala haya yataka kumweleza Kivoi, lakini hayawezi kumweleza bila ya kueleza pia jambo jengine, nalo ni namna itikadi za dini, za falsafa na za siasa zinavyoingia katika maandishi na kukaa humo kama chumvi ndani ya maji ya bahari: huioni kwa macho, lakini ukiyaonja hushindwi kuitambua. Kwani habari za Kivoi tulizo nazo kwa maandishi takriban zote zatoka katika kalamu moja, kalamu ya Johann Ludwig Krapf, mmishenari wa Kijerumani aliyeajiriwa na jamii ya kimishenari ya London.

Wasomaji waliopita chuoni wanaijua kazi ya isnadi. Habari haipokewi kwa kuwa ni tamu au kwa kuwa ni kongwe. Huulizwa: ameipokea nani, kwa nani, alikuwapo mwenyewe au alihadithiwa, hifadhi yake ni nzuri, na je, ana haja gani katika habari hiyo? Kipimo hiki wanazuoni walikiweka kwa ajili ya jambo tukufu zaidi kuliko vitabu vya safari, lakini sioni dhambi kukiazima. Krapf alikuwapo mwenyewe, hilo ni sifa yake. Aliandika siku kwa siku, hilo pia ni sifa yake. Lakini alikuwa na haja kubwa, na haja hiyo ndiyo iliyomchorea Kivoi sura.

Tuanze na mtu mwenyewe na nchi yake. Mapokeo ya Wakamba yasema kwamba Mulungu aliwashusha watu wa kwanza, mume na mke, juu ya mwamba wa Nzaui, ulioko katika jimbo la Makueni la leo. Kutoka pande hizo za kusini watu walipanda milima ya Mbooni, iliyo na maji na udongo wa rutuba, wakakaa huko na kuzaana mpaka nchi ikawabana. Ndipo baadhi yao wakavuka mto Athi kuelekea mashariki, wakaingia Kitui. Nchi ya Kitui si ya dhiki mwaka mzima, lakini mvua yake haiaminiki. Mtu aliyelima huko akitegemea mvua peke yake alikuwa ameiweka roho yake rehani. Basi watu wa Kitui wakawa wawindaji hodari, na wakati wa njaa walikwenda kwa jirani zao kubadilishana vitu kwa chakula. Desturi hiyo wenyewe waiita kuthuua. Humo ndimo ilimozaliwa biashara yao kubwa. Aliyezoea kubeba ngozi na mishale kwenda Mbooni au Mbeere kutafuta mtama, siku moja alijikuta anabeba pembe kwenda Mombasa kutafuta nguo.

Na Mombasa ya zama hizo ilikuwa na kiu ya pembe. Sayyid Said bin Sultan alikuwa ameutwaa mji mwaka 1837 baada ya vita virefu na Mazrui, na Unguja ilikuwa imekuwa bandari kubwa ya kuuza pembe kwa Wahindi, kwa Wamarekani na kwa Wazungu. Nguo nyeupe za Merikani, shanga na masango ya shaba ziliingia bara, na pembe zikashuka pwani. Watu wa pwani wakati huo hawakuwa bado na mazoea ya kwenda Ukambani. Njia ilikuwa ya Wakamba. Walishuka katika misafara ya watu mia mbili hata mia tatu, wakapitia Tsavo, wakalivuka jangwa la Taru ambalo halina maji wala huruma, mpaka wakatokea nyuma ya Rabai. Njaa kali ya miaka ya 1830 iliwafanya wengine wahamie kabisa huku nyuma ya Mombasa, na vizazi vyao wapo hata leo Rabai na Mariakani. Hata hivyo mali haikupita mkono kwa mkono mpaka kwa tajiri wa mjini. Katikati walikaa Wadigo, Waduruma, Warabai na wenzao kama madalali, na kila mmoja akala chake.

Kivoi alikuwa mkubwa katika watu wa njia hiyo. Alikuwa na wake wengi na wafuasi wengi, aliheshimiwa kwa mali na akaogopwa kwa uganga. Alikuwa ametembea. Alifika pwani, alifika Uchagani, na alikuwa na marafiki ng'ambo ya Tana kwa watu wa Mbeere na Embu. Mtu wa namna hiyo nyumba yake huwa ni soko, ni barza na ni ofisi ya posta kwa pamoja.

Alikuwa mfalme? Hapa ndipo pa kwanza pa kusimama. Krapf amwita kwa neno la Kizungu ambalo sisi twalifasiri chifu, na waliokuja nyuma yake wakalipokea neno hilo bila ya kulichungua. Lakini siasa ya Wakamba haikuwa na kiti cha namna hiyo. Mambo ya kila kitongoji, wao huuita utui, yalikatwa na wazee waliokaa katika baraza yao iitwayo nzama. Mzee aliingia katika baraza hiyo kwa umri na kwa ada alizozitoa, wala si kwa kurithi. Penye vita au uwindaji wa mbali aliteuliwa muthiani, kiongozi wa safari, na madaraka yake yalikwisha safari ilipokwisha. Penye ugomvi mzito watu waliapishwa kwa kithitu, kiapo ambacho waliamini humla mwongo na jamaa zake. Hapakuwa na mtu wa kumwamuru Mkamba wa utui mwengine.

Basi Kivoi aliwezaje kuwaongoza mamia ya watu? Kwa mali, kwa wema wake kwa wageni, kwa bahati yake ya safari na kwa kuogopwa. Watu walimfuata kwa kuwa kumfuata kulikuwa na faida. Siku ya kushindwa asingekuwa na askari wa kuwarudisha. Huo nao ni mpango wa siasa, wenye fikra yake ndani: kwamba ukubwa ni kitu cha kupewa na watu kila siku, na wanaoweza kukinyang'anya kila siku. Mzungu aliyetoka Württemberg, nchi ya wafalme na maaskofu, hakuwa na kabati la kuiwekea fikra hiyo. Akatafuta mtu mmoja wa kuzungumza naye, na alipompata akamwita mkubwa wa nchi. Miaka arubaini na kitu baadaye, serikali ya Kiingereza ilipoingia Ukambani, ilifanya kosa hilohilo, ila yenyewe ililifanya kwa bunduki: iliteua machifu mahali ambapo hawakuwapo, ikawapa kazi ya kukusanya kodi.

Sasa tumgeukie mgeni. Krapf alifika Unguja mwanzo wa mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Uhabeshi. Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa mawali wake wa pwani kama mtu mwema. Mwaka huohuo mkewe na mtoto wao mchanga wakafa Mombasa kwa homa. Msiba huo aliusoma kwa macho ya imani yake: makaburi yale, kwake yeye, yalikuwa ni mbegu iliyopandwa ili siku moja Afrika nzima ivunwe kwa ajili ya dini yake. Aliwaza mlolongo wa vituo vya mishenari kutoka Mombasa mpaka bahari ya magharibi. Kila mto aliousikia, kila mlima, kila tajiri wa bara aliyemsifiwa, alimweka katika mlolongo huo kama shanga katika uzi.

Tusimdhulumu, alikuwa mtu wa elimu na wa subira. Akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa, alifasiri mwanzo wa kitabu cha Taurati kwa Kiswahili, na kazi hiyo ikachapishwa Marekani mwaka 1847. Alitunga kamusi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Alichukua Ulaya miswada ya tenzi zetu, na mmoja katika hiyo ni Chuo cha Herekali, utungo wa mwaka 1728 wa Bwana Mwengo wa Athumani. Washairi wa leo tuna deni kwake. Lakini mtu huyohuyo aliyekaa kitako na kadhi wa mji akijifunza lugha, alipoandika juu ya Uislamu aliandika kwa ukali na dharau. Wema aliotendewa aliukiri, itikadi ya waliomtendea wema akaipiga teke. Nayataja haya si kwa kulipiza. Ni kwa sababu kalamu ileile ndiyo iliyomwandika Kivoi, na msomaji aliyekwisha kuiona ikiwaandika Waswahili, ambao anawajua, ataweza kuipima inapowaandika Wakamba, ambao pengine hawajui.

Mwanzoni mwa Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Ukambani. Msafara ulipita Taru na Tsavo, ukapanda nchi ambayo leo ni Makueni, ukavuka Athi na kuingia Yata, hata akafika kwa Kivoi mwisho wa mwezi huo. Kivoi alimpokea vizuri. Mgeni akauliza habari za mito na milima. Mwenyeji akamjibu kama mtu aliyeviona. Alimwambia kwamba amekwisha kwenda Uchagani na kuuona mlima mweupe wa huko, ambao Rebmann, mwenziwe Krapf, aliuona Mei 1848 na wataalamu wa London wakamcheka. Kisha akamwambia kwamba upo na mwengine kama huo upande wa kaskazini, mwendo wa siku chache. Jina alilolitaja Krapf aliliandika kwa tahajia mbalimbali, akihangaika kama mtoto wa chuo na herufi za koo. Wengi wa wataalamu wakubali kwamba neno lenyewe ni la Kikamba, na hufasiriwa mlima wenye madoa ya mbuni dume, weusi wa mawe na weupe wa theluji. Wakikuyu waliukabili mlima huohuo kutoka upande wao na kuuita Kirinyaga.

Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka, na Krapf akiwa Kitui, zaidi ya kilomita 100 kutoka mlimani, akaona vilele viwili mfano wa pembe mbili kubwa zimesimama mbinguni. Zikafichika tena.

Msomaji aangalie tofauti hapa. Krapf alipouona mlima aliona ushahidi wa jiografia na dalili ya chanzo cha mito itakayobeba wamishenari. Kivoi alipoutaja alitaja alama ya njia na makao ya Mungu kwa majirani zake. Mlima ni mmoja, fikra ni mbili, na kitabu kimebeba moja tu kwa ukamilifu. Na kwa Wazungu wa Ulaya hata hiyo moja haikukubaliwa. W. D. Cooley wa London, ambaye hakuwahi kutia mguu Afrika Mashariki, alikana kwa miaka kwamba theluji yaweza kukaa kwenye ikweta. Alikuwa na nadharia yake, na nadharia ikiwa nzuri mno mwenyewe huwa hapendi kufungua dirisha.

Krapf ataka kuukuta mto wa Tana. Kivoi naye alikuwa na safari ya kwenda huko, akamtaka asubiri. Mgeni hakuweza kungoja, akarudi pwani. Lakini tayari wawili hawa walikuwa wamefungana kwa jambo moja: mto. Krapf alifikiri Tana itamfungulia bara kwa mashua. Kivoi alifikiri, nami naona alifikiri sawasawa, kwamba njia ya mto ingemfikisha pwani bila ya kulivuka Taru na bila ya kuwalipa madalali wa katikati. Mmoja alikuwa na roho za watu akilini, mwengine alikuwa na pembe. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe. Kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa ni kifaa, na mapenzi ya kweli yakapita humo ndani kama yapitavyo baina ya wasafiri.

Mwezi wa Julai 1851 Krapf akarudi, safari hii kwa nia ya kujenga kituo Yata. Njiani wakashambuliwa na wanyang'anyi. Alipofika Yata wapagazi wake wa Rabai walimjengea kibanda kisichokwisha, wakaondoka, akabaki katikati ya watu waliokuja kumtazama na kumwomba shanga na nguo tangu asubuhi hata usiku. Kitabuni anawalaumu sana kwa tamaa. Sidhani kama alijiuliza wao walimwonaje. Mtu aingia katika nchi yako na mizigo, hana mke, hana ng'ombe, hauzi, hanunui, na hataki kueleza alilolijia ila kwa maneno ya mambo yatakayokuja baada ya kufa. Katika desturi ya Wakamba mgeni mwenye mali hugawa, ndipo hujulikana kuwa ni mtu. Kumwomba kulikuwa ni kumkaribisha.

Akaenda kwa Kivoi, na mwezi uliofuata wakaondoka pamoja kwenda Tana. Walikuwa wamebakiza mwendo mfupi kuufikia mto, wavamizi wakatokea porini kwa mishale. Msafara ukatawanyika. Kivoi akauawa pamoja na waliokuwa karibu naye. Mtu aliyevuka nyika mara nyingi kuliko hesabu yetu, akafa karibu na maji.

Krapf alibaki peke yake. Aliufikia mto kwa kiu, akanywa, na kwa kuwa hakuwa na chombo akatia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki, akaziba kwa majani. Alitembea usiku, mchana akijificha. Maji yalipokwisha aliokolewa na nyani waliokuwa wamechimba shimo mchangani mwa mto mkavu. Kurasa hizi ndizo bora kabisa za kitabu chake. Mahubiri yamepungua, na mtu mwenye njaa ameonekana. Hata mimi niliyekuwa nikisoma kwa kumtilia shaka nilijikuta namwombea afike.

Alifika Kitui, na huko jamaa za Kivoi wakamkabili. Walimwambia kwamba safari ile ilikuwa kwa ajili yake, na kwamba ilimpasa afe pamoja na rafiki yake. Krapf aliogopa kwamba watamuua, akatoroka usiku, akafika Yata na hatimaye Rabai. Kitabuni tukio hili limeandikwa kama mfano wa ukatili wa watu wasiomjua Mungu, ambao waponyoka mtu kwa rehema ya Muumba.

Hapa msomaji wa pwani, aliyesikia juu ya diya na jamaa wanaobeba jukumu la damu, ana haki ya kusoma upya. Mtu mkubwa amekufa safarini. Aliyesababisha safari amerudi mzima, na bunduki yake mkononi. Katika nchi isiyo na kadhi wa serikali wala jela, damu ilikuwa ni deni baina ya ukoo na ukoo, nalo lililipwa kwa ng'ombe. Lakini Krapf alikuwa mtu asiye na ukoo. Hapakuwa na wa kumdai. Kwa sheria yao, mtu asiye na ndugu wa kumlipia hubaki na shingo yake tu. Sisemi kwamba wangekuwa wamefanya haki kumuua. Nasema kwamba maneno yao yalikuwa ni ya sheria, si ya wazimu, na kwamba mwandishi aliyashika maneno lakini hakuishika sheria iliyoyasema. Hapo ndipo isnadi inapotusaidia: habari yenyewe twaipokea, tafsiri yake twairudisha.

Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Kivoi akawa maarufu London na asijue. Nyumbani kwake alikumbukwa kwa njia nyengine, na njia hiyo ameieleza vizuri mwanachuoni aliyezaliwa hapohapo Kitui, huko Mulango, mwaka 1931: John Mbiti, aliyefariki mwaka 2019. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba Mwafrika wa jadi haupimi wakati kama uzi ulionyooka. Kwake kuna wakati ulio karibu, unaoishiwa, na wakati mkubwa wa nyuma unaomeza kila kitu. Na alipotafuta majina ya nyakati hizo mbili, Mbiti hakuchukua ya Kikamba wala ya Kiingereza. Alichukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, na mpaka leo maneno hayo yasomwa katika vyuo vikuu vya dunia yakiwa na maana ambayo bibi zetu hawakuyapa. Wakati ujao wa mbali, alisema, haukuwa na nafasi. Aliyekufa aendelea kuwa hai maadamu yupo anayemjua kwa jina. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, huzama katika zamani pamoja na wasio na majina.

Mbiti alikuwa kasisi wa Kikristo, na wako waliosema kwamba aliyapima mawazo ya wazee wake kwa kanda ya kanisa. Okot p'Bitek wa Uganda ndiye aliyepiga kelele zaidi, akidai kwamba wasomi wa namna hiyo wamewavisha miungu wa Kiafrika majoho ya Kiyunani ili wakubalike Ulaya. Na katika Ukamba wenyewe kuna jambo linalomtatiza Mbiti, nalo ni Syokimau, mwanamke mtabiri ambaye simulizi zasema aliona joka refu litakalotoka baharini na watu weupe wanaobeba moto mifukoni, kabla ya reli na kiberiti. Ikiwa wakati ujao haupo, Syokimau alikuwa akitazama wapi? Mtu aweza kujibu kwamba simulizi hizo zilitiwa sukari baada ya reli kufika. Huenda. Lakini jamii isiyojali yatakayokuja haihangaiki kutunga mtabiri hata baada ya tukio.

Kwa kipimo cha Mbiti, Kivoi alipaswa kuwa amezama siku nyingi. Aliyemwona kwa macho hayupo. Kilichomzuia asizame ni wino wa mgeni, na wino huo umemzuia akiwa na sura aliyomchorea mgeni. Mfananishe na Hamed bin Muhammed wa Unguja, Tippu Tip, aliyeketi uzeeni akayaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na yakachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu hicho nacho kina itikadi yake: yote ni safari, faida na vita, na mtumwa apita humo kama mzigo usio na jina. Lakini mwenyewe ndiye aliyechagua cha kusema na cha kuficha. Kivoi hakupata nafasi hata ya kuficha.

Baadaye walikuja wengine kumwandika. Vitabu vya shule vya baada ya Uhuru vilimhitaji Kivoi awe mtawala, kwa kuwa taifa changa lilitaka kuonyesha kwamba nalo lilikuwa na watawala kabla ya Mwingereza. Nia njema, lakini ni kufuata kipimo cha Mzungu kilekile: ati asiye na mfalme hana historia. Wengine wamemwita mfanyi biashara ya watumwa na kutia nukta. Biashara hiyo ilikuwapo, pwani yetu ilikuwa soko lake, na wako Wakamba walioingia ndani yake kama walivyoingia wengi. Pembe nazo zilibebwa kwa mabega ya watu. Lakini anayemtia Kivoi kosa hilo na kuwasahau wanunuzi wa Mombasa na Unguja anapanga hesabu ya upande mmoja. Kuna hata wanaosema kwamba mji wa Voi umepewa jina lake, kwamba alipiga kambi kando ya mto ule miaka mia nne iliyopita. Miaka mia nne haimwenei mtu aliyekufa 1851, na kwa hiyo kisa hicho nakiacha kwa wanaokipenda.

Alipokufa yeye biashara ya Wakamba haikufa siku hiyo, lakini ilikuwa karibu na kilele chake. Miaka ya baadaye misafara ya Waswahili na Waarabu ilianza kupanda wenyewe mpaka Ukambani na kupita ng'ambo yake, na njia iliyokuwa siri ya watu wa Kitui ikawa ya kila mwenye bunduki na bidhaa. Njia ya Tana ambayo wawili wale waliiota haikupatikana.

Mlima nao ulingoja. Joseph Thomson aliuona mwaka 1883 na ubishi wa theluji ukaisha. Mackinder akafika kileleni mwaka 1899. Neno alilolitamka Kivoi, likapita katika masikio ya Mjerumani na kalamu yake, lilikuwa limekwisha kukaa ramanini, kwanza kwa mlima peke yake. Mwaka 1920 Waingereza walipoigeuza nchi ya bara kuwa koloni, wakaiita Koloni ya Kenya. Ukanda wa pwani, maili kumi kutoka baharini, ulibaki chini ya bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar hata mwaka 1963, na wenyewe ukaitwa Protektoreti ya Kenya. Hivyo Mombasa, ambako Kivoi alikuwa akishusha pembe zake na kungoja dalali amwite, ikachukua jina lililotoka nyumbani kwake.